Jeti ya kwanza duniani iliungulia makumbusho

Dada mmoja wa Mwanza kaniandikia hivi: "Mtaalamu shikamoo. Mwanangu yuko form two, ndege ndo ugonjwa wake, kaniuliza ile ndege ya jeti ya kwanza kabisa iko wapi sa hizi na kama mtu anaweza kwenda kuiona, nimeshindwa kumjibu. Af hizi jeti za kivita za zamani zinazowekwa makumbusho, ni zenyewe kweli au ni vinyago tu vimepigwa rangi? Na huku Afrika ipo hata moja?"

Marahaba dada yangu. Mwambie huyo mpwa wangu kauliza maswali matatu makubwa kwa mpigo, na la kwanza jibu lake ni baya: haipo.

Ndege ya kwanza kuruka kwa injini ya jeti ni Heinkel He 178 ya Wajerumani. Rubani Erich Warsitz aliipaisha tarehe 27 Agosti 1939 kule Rostock, siku tano tu kabla Hitler hajaivamia Poland. Injini aliibuni kijana anaitwa Hans von Ohain, hata miaka thelathini alikuwa hajafikisha. Sasa kilichoimaliza hiyo ndege wala siyo ajali, wala hakuna aliyeitungua. Wenyewe waliithamini, wakaona hii ni historia, wakaipeleka makumbusho ya ndege Berlin ikapumzike kwa usalama, af mwaka 1943 mabomu ya Washirika yakaliangukia lile jengo na ndege ikateketea humo humo. Yaani ingeachwa nyuma ya hanga kijijini huko imefunikwa turubai pengine tungekuwa nayo leo. Ukikuta picha ya He 178 safi inang'aa, kwa mfano ile ya uwanja wa ndege wa Rostock, hiyo ni modeli.

Basi ya zamani zaidi unayoweza kuiona kwa macho ni ipi? Hapa wabishi watakuja na Caproni Campini ya Waitaliano, iliruka Agosti 1940 na moja ipo mpaka leo makumbusho ya jeshi lao la anga pale Vigna di Valle, karibu na Roma. Ni kweli ipo, na wakati ule dunia nzima iliamini ndo ya kwanza kwa sababu Wajerumani walifunga mdomo kuhusu ya kwao. Ila mimi kama fundi siihesabu, ndani mle kuna injini ya pistoni kama ya ndege za kawaida inazungusha kompresa, yaani kisukuma hewa, ila turbaini, zile panga zinazozungushwa na moshi wa moto, hakuna. Ni nusu jeti. Jeti kamili ya zamani kuliko zote iliyobaki iko London, Science Museum, ni Gloster E.28/39 yenye namba W4041, ina injini ya bwana Frank Whittle, iliruka jioni ya tarehe 15 Mei 1941 kwa dakika 17 na rubani Gerry Sayer. Hiyo siyo kinyago dada, ni yenyewe, imekaa pale tangu 1946. Kandege kadogo, kamenona tumbo, pua imetobolewa tundu moja kubwa la kuvutia hewa, ukikaona unasema haka ndo kalikobadilisha dunia? Waingereza walitengeneza mbili, ya pili ikaanguka 1943 usukani wa kwenye bawa ulipong'ang'ania, rubani akaruka na parashuti. Na angalieni msichanganye: pale Farnborough na Lutterworth kuna E.28/39 imechomekwa juu ya nguzo kwenye kipilefti, watu wanapiga picha wanasema nimeiona. Hawajaiona, hizo ni modeli.

Marekani nao wana ya kwanza yao, Bell XP-59A, iliruka Oktoba 1942 jangwani Muroc huko California, leo iko Washington kwenye makumbusho ya Smithsonian. Injini yenyewe walipewa siri na Waingereza, General Electric wakaiiga. Hii ndege ilifichwa mpaka inachekesha, wakiitoa nje walikuwa wanaibandikia propela ya uongo puani ili mpita njia aone ni ndege ya kawaida. Na kuna kisa chake maarufu, rubani wa majaribio Jack Woolams alikuwa anapaa amevaa kinyago cha sokwe na kofia ya kizungu, anaenda kujisogeza pembeni ya marubani wa mafunzo, sasa nani atakwenda kambini aseme nimeona ndege haina propela inaendeshwa na sokwe? Watampima akili. Uzuri wa kisa unazidi uzuri wa ndege lakini, maana XP-59 ilikuwa nzito na mbio zake zilikuwa chini ya Mustang, ndege yao ya kivita ya propela. Haikupigana hata siku moja.

Sasa swali la pili, zenyewe au vinyago, hapa nikae kidogo.

Jeti nyingi za mwanzo zilizobaki ni za Wajerumani, na zimebaki kwa sababu walishindwa. Vita ilipoisha 1945 Wamarekani walituma kikosi cha kanali Harold Watson kikapita viwanja vya Ulaya kinaokota kila kinachoruka bila propela, wakazipakia kama ndege arobaini hivi kwenye meli ya Kiingereza HMS Reaper, zikaondoka bandari ya Cherbourg Julai 1945 kwenda Marekani. Waingereza nao wakazoa za kwao, Warusi za kwao. Hakuna aliyewaza makumbusho pale, walitaka kuzifungua wajue siri, wakishajua basi, nyingi zikaenda kuyeyushwa sufuria. Zilizopona zilipona kwa ubishi wa watu wachache. Mmoja ni Paul Garber wa Smithsonian, mzee alikuwa na ghala Illinois limejaa ndege hizi, ikaja vita ya Korea akaambiwa toa takataka zako tunataka jengo. Akatafuta pori huko Silver Hill, Maryland, akazihamishia huko, nyingine zikakaa nje miaka na miaka zinanyeshewa. Ukisikia ndege fulani "ndiyo pekee iliyobaki duniani" mara nyingi mtu wa kumshukuru ni huyo.

Mfano Arado Ar 234, hiyo ni jeti ya Wajerumani ya kudondosha mabomu. Ilitekwa huko Norway, iko moja tu duniani, Smithsonian walikaa nayo kuikarabati kuanzia 1984 mpaka 1989. Rangi ya zamani ilishakwanguliwa, kwa hiyo rangi unayoiona ni mpya, chuma ndo cha zamani. Je ni yenyewe? Mimi nasema ni yenyewe. Nyumba ya babu ukiipaka chokaa upya bado ni ya babu.

Au Nakajima Kikka ya Wajapani, imebaki moja tu nayo iko huko huko kwa Wamarekani. Iliruka tarehe 7 Agosti 1945, hesabu mwenyewe, jana yake Hiroshima imepigwa. Injini yake wahandisi wa Japani waliibuni wakiwa na mchoro mmoja wa injini ya BMW, maana nyaraka nyingine zilikuwa kwenye nyambizi na nyambizi ikazamishwa njiani. Fundi yeyote aliyewahi kupewa kazi bila kitabu cha maelekezo ataelewa hiyo ni balaa gani.

Ila mfalme wao ni Messerschmitt Me 262. Hii ndo jeti ya kwanza kupigana vitani kweli kweli, ilikuwa inafika kilomita 870 kwa saa, zilitengenezwa zaidi ya 1,400 na za asili zilizobaki unazihesabu kwa vidole: Washington, Dayton, Pensacola, Munich, Cosford, Canberra, halafu Prague wanazo zilizounganishwa baada ya vita na Wacheki wenyewe. Nyingine iko sehemu nitakayoitaja mbele, subiri. Na ukiona video ya Me 262 inaruka siku hizi hiyo ni mpya, kuna watu Marekani walizitengeneza upya kwa kunakili ya zamani ribiti kwa ribiti, ila kwenye ganda la injini wameficha injini ndogo ya General Electric ya kisasa. Na wana haki. Injini ya asili, Jumo 004, ilikuwa na maisha ya saa 10 mpaka 25 tu, ikifika hapo ishushe ifanyiwe ukarabati mzima. Siyo kwamba Wajerumani walikuwa wajinga, walikosa nikeli na kobalti na madini mengine ya kuchanganya kwenye chuma kistahimili moto, kwa hiyo sehemu ambazo leo tunaweka vyuma vya bei mbaya wao waliweka chuma cha kawaida wakakipaka alumini, na panga za turbaini wakazifanya tupu ndani kama bomba ili hewa ipite izipoze. Nimeshika spana za injini za jeti miaka mingi na bado nikifikiria hilo nasema hawa jamaa walijaribu sana. Rubani naye alitakiwa kuongeza mafuta polepole kwa mkono mwepesi, akiharakisha injini inazima au inawaka, na kuzimikiwa wakati unataka kutua ni kesi nyingine.

Kitu kimoja kwenye hiyo injini nataka mpwa wangu akiangalie siku akisimama mbele yake. Katikati ya mdomo wa kuvutia hewa kuna koni, na ndani ya hiyo koni kuna kijiinjini cha tuu stroku, ndugu wa injini ya chensoo, kazi yake kuizungusha injini kubwa mpaka ishike. Kina stata ya umeme lakini umeme ukigoma, kwenye ncha ya koni kuna kishikio, fundi anaingiza mkono anavuta kamba. Eeh, kamba, kama unavyowasha jenereta dukani umeme ukikatika! Ndege ya maajabu ya Hitler, mojawapo ya zenye mbio kuliko zote vitani, inawashwa kwa kuvuta kamba.

Na kabla hatujashangilia sana, tuseme na hili. Me 262 nyingi zilitengenezwa na wafungwa. Kule Gusen, Austria, wafungwa wa kambi ya Mauthausen walichimbishwa mahandaki na humo wakalazimishwa kutengeneza mabodi ya hizi ndege, na walikufa kwa maelfu. Kibao cha makumbusho kisipotaja hilo mimi naona hakijakamilika. Kuna Me 163 moja iko Dayton, Ohio, hii ni ya roketi siyo jeti lakini ni ya kundi hilo hilo, walipoifungua kuikarabati wakakuta kijiwe kimekabwa katikati ya tangi la mafuta na mkanda unaolishikilia tangi, ili kikisugua sugua siku moja tangi litoboke. Gundi ya bawa nayo ilichafuliwa. Ndani ya bodi, mahali ambapo hakuna mkaguzi anachungulia, mtu kaandika Kifaransa "Manufacture Fermée", kiwanda kimefungwa. Mfungwa anaweka kijiwe akijua akishikwa ananyongwa. Kinyago hakiwezi kukupa kitu kama hicho dada, ndo maana mimi nazipenda zile za asili hata zikiwa na kutu.

Za mbao je? Zipo. He 162 ilichorwa na kurushwa ndani ya miezi michache tu mwishoni mwa 1944, bawa la mbao, na kiwanda cha gundi nzuri kilikuwa kimepigwa mabomu wakatumia gundi mbadala, siku ya nne baada ya kuruka mara ya kwanza bawa likabanduka mbele ya wakubwa walioalikwa kutazama, rubani Gotthold Peter akafa. Zimebaki kadhaa, mojawapo iko Ottawa, Kanada. Halafu ile Horten Ho 229 ambayo vijana wa mtandaoni wanaipenda sana, ile ya bawa tupu haina mkia, wanasema eti ilikuwa haionekani kwenye rada kwa sababu gundi ilichanganywa mkaa. Iliyobaki ni moja, haikuwahi kuruka, plaiwudi yake imechoka inabanduka tabaka tabaka, iko Smithsonian, na wataalamu wao walipoipima hiyo gundi mkaa hawakuuona. Kwa hiyo mpwa akiletewa hiyo hadithi shuleni ana jibu.

Baada ya vita wakaja wa majaribio ya kweli kweli na hapa ndo utacheka. XF-85 Goblin, Marekani 1948, ndege ya kivita ya kubebwa ndani ya tumbo la ndege kubwa ya kudondosha mabomu, adui akitokea inaning'inizwa nje kwenye mkono wa chuma, inaachiwa, inapigana, inarudi kujitundika yenyewe kwa ndoano iliyo puani. Magurudumu haina! Urefu wake mita nne na nusu, ni yai lenye mabawa. Siku ya kwanza kuachiwa, rubani Edwin Schoch alipotaka kurudi kujitundika upepo wa chini ya ndege mama ukamrusha, kioo cha juu ya kichwa kikagonga ule mkono kikapasuka, kofia na barakoa ya oksijeni vikachukuliwa na upepo, ikabidi atue kwa tumbo kwenye ziwa kavu. Waliendelea lakini jumla ya muda wote Goblin iliokaa hewani ni saa mbili na dakika 19. Zilitengenezwa mbili, zote mbili zipo, Dayton na Nebraska. Ona maajabu, iliyoshindwa imebaki asilimia mia, wakati Avro Arrow ya Kanada iliyokuwa inaruka vizuri kabisa serikali iliifuta Februari 1959 ikaamuru zote zikatwe vipande, leo Ottawa wamebaki na kichwa tu cha mojawapo na vipande vya mabawa. Na TSR-2 ya Waingereza hivyo hivyo, iliyoruka ni moja tu na wao wenyewe wakaifanya shabaha ya kupimia risasi, mnazoziona Cosford na Duxford ni ndugu zake ambao hawakuwahi kuruka.

Haya, Afrika. Ipo, na siyo ya kubabaisha.

Ile Me 262 niliyosema subiri iko Johannesburg, makumbusho ya taifa ya historia ya kijeshi pale Saxonwold, jirani kabisa na zoo. Ni ya viti viwili, ya kupigana usiku, rubani mbele na mtu wa rada nyuma, ndiyo ya usiku pekee iliyobaki dunia nzima. Namba 8 nyekundu ubavuni. Ilikuwa kwenye kikosi kilicholinda Berlin, Waingereza wakaichukua vita ilipoisha wakaijaribu kwao, mwaka 1947 wakaisafirisha kwa meli mpaka Afrika Kusini na haijaondoka tena. Puani ina antena za rada zimechomoza kama pembe za kulungu, Wajerumani wenyewe waliziita hivyo hivyo, pembe. Wamarekani wenye hela zao wote wale hawana ya namna hiyo. Mtu wa Mwanza anaweza kuifikia kwa basi kama ana moyo na pasipoti.

Na kuna nyingine ambayo ni ya Afrika kwa kuzaliwa. Baada ya vita Wajerumani walipigwa marufuku kutengeneza ndege, mzee Willy Messerschmitt, yule yule wa 262, akaenda Hispania akachora kijeti chepesi, Wahispania wakakiacha, Misri ya Gamal Abdel Nasser ikakichukua. Wakakijenga Helwan, kusini ya Cairo, wakakiita HA-300, fundi mkuu wa injini ni Ferdinand Brandner wa Austria, rubani wa majaribio wakamtoa India, Kapil Bhargava, akakirusha tarehe 7 Machi 1964. Injini mpya ya Brandner ikaenda kujaribiwa India kwenye ndege yao ya kivita ya Marut. Ukiangalia huo ulikuwa mradi wa nchi zilizotoka kwenye ukoloni juzi zinajaribu kuwa na jeti yao wenyewe isiyotoka Moscow wala Washington. Ikaja vita ya 1967 na Israeli, hela ikawa ngumu, mwaka 1969 ukafungwa. Kandege kakakaa Misri kanapigwa vumbi mpaka 1991 Wajerumani wakakanunua, wakakakarabati miaka kadhaa, leo kako kwenye hanga la Schleissheim nje kidogo ya Munich.

Kwa hiyo dada, Messerschmitt ya Ujerumani iko Johannesburg na Messerschmitt ya Misri iko Ujerumani. Sijui nani wa kumlilia nani hapo.

Mkipanga safari ya Joburg anzeni na kupiga simu mjue wamefungua siku gani. Na kijana asiishie kupiga selfi na zile pembe, azunguke kwenye injini, ainame, achungulie mdomoni atafute ile koni na kishikio cha kamba. Akikiona aniletee picha.